Vichwa Tisa vya Kabati la Mama

Siku tuliyomzika baba, kabla jeneza halijatolewa nyumbani, shehe alisimama kwenye mlango wa chumba walimokaa wanawake akasema maneno yanayosemwa siku hiyo. Marehemu ameishi nasi, huenda alimkosea mtu, basi mwenye kinyongo amsamehe aende salama. Kisha akamwelekea mama, huku pazia likiwa katikati yao.

"Mama, mwenzako anaondoka. Umemsamehe?"

Jibu lake linajulikana. Mjane hulia, akasema nimemsamehe, wanaume wakanyanyua jeneza wakaondoka.

"Nimemsamehe yote," mama akajibu kwa sauti iliyofika mpaka barazani, "isipokuwa vichwa vya kabati langu."

Shehe alidhani hakusikia vizuri, akauliza tena. Mama akarudia, safari hii polepole, neno moja moja. Nje, baba mkubwa, kaka yake baba aliyetoka Buwenge alfajiri hiyo, alikuwa ameshika mpini wa mbele wa jeneza. Niliambiwa baadaye kwamba aliinamisha uso pale pale na hakuuinua hadi makaburini. Mimi nilikuwa nimekaa ubavuni mwa mama, nikatamani ardhi ipasuke inimeze. Nilimfinya paja. Naye akanifinya, na vidole vyake vina nguvu kuliko vyangu.

Sina budi kulieleza kabati lenyewe, maana bila kulijua, mtu atamwona mama ana roho ya chuma.

Lilikuwa la bibi, mzaa mama. Bibi aliletwa Jinja kutoka Mombasa akiwa bi harusi, na kabati likaja naye kwa treni, limefungwa katikati ya magodoro mawili. Baba yake alikuwa amelinunua kwa mfanyabiashara mmoja aliyeagiza vitu China. Ni jeusi, weusi ulioingia ndani, si ule wa kupakwa juu juu. Baba yangu alikuwa fundi wa kupiga polishi, na yeye ndiye aliyetufundisha kuliheshimu. Alituambia Wachina hugema utomvu wa mti, wakapaka mbao tabaka moja, wakangoja likauke, wakasugua, wakapaka tena, na tena, hata miezi ikapita fundi bado yuko kwenye mlango mmoja.

Ndani ya weusi huo walitia vipande vya ganda la chaza, ile sehemu ya ndani inayong'aa, ambayo mama aliita ganda la lulu. Ukipita upande huu ni jeupe, ukirudi upande ule lina uwaridi na kijani. Vipande hivyo vilikatwa vikawa bustani nzima: daraja, miti, maua, ndege wawili. Na mabibi tisa. Kila bibi alikuwa na uso mdogo kama punje ya hindi, na kwenye uso huo fundi alichora kwa ncha ya kitu fulani macho na mdomo na vibanio vya nywele, kila mmoja na vyake.

Mama aliwapa majina ya kazi zao. Mwenye Pepeo, ambaye hakuacha kujipepea. Mpiga Zeze. Mwenye Ndege. Pacha wawili waliokuwa wakisengenya. Mvivu, aliyeegemea ukingo wa daraja na kuwatazama wenzake. Mbeba Maua, na Mama Mkwe, ambaye hakucheka na mtu. Wa mwisho upande wa kulia alikuwa Mwenye Mwavuli, na huyo alikuwa wangu, kwa sababu alionekana ana safari.

Sebuleni kwetu ukuta wa kulifaa kabati ulikuwa mmoja tu. Wa mashariki una dirisha la barabarani, na jua ni adui wa rangi ile. Wa magharibi una mlango wa chumbani, wa kusini una mlango wa kutokea. Ukabaki wa kaskazini, na kaskazini kwetu ndiko kibla. Basi kila baba aliposujudu, alikuwa anasujudu mbele ya mabibi tisa wa Kichina.

Mama akashona pazia la kijani, akalitia pete za shaba na fimbo. Likawa linafungwa wakati wa sala na kufunguliwa baada ya alasiri, na kazi ya kulivuta ikawa yangu. Saa zile za jioni, mashine za cherehani zikilia kwenye baraza za maduka mbele, na harufu ya spiriti ya polishi ya baba ikitoka uani, ndizo saa ninazozikumbuka kwa uchungu kuliko zote za utoto wangu. Mama alikaa kwenye mkeka na kikombe cha chai ya tangawizi, nami nikivuta pazia, naye akaanza: leo Mvivu ameambiwa afue, unadhani amefua? Kila siku kisa kipya. Watoto wa jirani walikuja kusikiliza hata kama Kiswahili hawakijui sana. Jinja ya siku zile, ukisikika unaongea Kiswahili nyumbani, watu waliuliza kama baba yako ni mwanajeshi. Sisi chetu kilikuwa cha bibi, si cha jeshi.

Kabla ya magharibi mama alisema, "Funga pazia, mwanangu," nami nikafunga. Siku moja nilisahau. Tukasali wote, na mwanga wa mwisho wa machweo ukaingia kupitia mlango wa chumbani ukapiga juu ya yale maganda. Mimi nikapoteza hesabu ya rakaa nikimtazama Mwenye Mwavuli aking'aa juu ya mgongo wa baba. Baba hakunikemea. Alimaliza, akatoa salamu, akageuka akasema, "Leo wamesali na sisi," kisha akaenda kulifunga mwenyewe.

Alikuwa mtu mpole, Msoga, mwenyeji wa Buwenge, na Kiswahili alikiokota kwenye karakana za mjini. Mama alikuwa akimrekebisha hata katikati ya ugomvi. Baba anasema "kabati iko nzuri," mama anasema "kabati ni zuri," kisha wanaendelea kugombana. Na alilipenda kabati lile kuliko mama mwenyewe alivyolipenda, kwa sababu alijua kazi iliyomo. Kila mwaka kabla ya mfungo alilisafisha kwa kitambaa kikavu cha pamba na pumzi yake tu. Mtu mwingine hakuruhusiwa hata kulisogeza.

Mimi nikaolewa Mbale, kwa mume mwenye ghala la chakula cha kuku kule Industrial, eneo la viwanda. Nilipojifungua mtoto wa kwanza, mama alikuja kunikalisha arobaini. Hapo ndipo jambo lenyewe lilipotokea, na kwa hiyo na mimi nimo, ingawa sikuwepo.

Baba mkubwa alikuja Jinja kumtembelea mdogo wake aliyeachwa peke yake. Alikuwa mwalimu wa madrasa, mtu mkali na mwaminifu, na baba alimwogopa tangu walipokuwa watoto. Ulipofika wakati wa sala akakataa kusali sebuleni. Baba akamwonyesha pazia limefungwa. Akajibu kwamba pazia ni la macho ya watu, na Mungu haoni kwa kuchungulia. Kilicho na kichwa ni sanamu, akasema. Kikiondolewa kichwa kinakuwa kama mti au jiwe, hakina neno. Kisha akaenda kusalia uani, kwenye vumbi la mbao, na kabla ya kuondoka akamtaka baba aahidi. Baba akaahidi.

Alivitoa vichwa vyote kwa wembe na mvuke wa birika. Tisa. Mashimo akayaziba kwa nta nyeusi, akayasugua yakalingana na mbao, kazi safi kabisa, kazi ambayo ingempa sifa kwa mteja yeyote.

Siku ya arobaini akaja Mbale kumchukua mama. Nakumbuka hakukaa na wageni. Alikwenda ghalani akachuchumaa mbele ya gunia la makombe. Sisi huagiza makombe, maganda ya chaza wa ziwani, kutoka huko huko Jinja, yanasagwa na kuchanganywa na pumba ili mayai yapate ganda gumu. Nilimkuta anayageuza moja moja kwenye mwanga wa mlango.

"Kuku yako anakula vitu nzuri," akaniambia.

Nikamcheka, kwamba mtu ametoka kwenye ziwa lenyewe aje kuokota kombe Mbale, chini ya mlima. Akacheka pia, akalifunga moja kwenye leso, akalitia mfukoni. Nilidhani anawakimbia wanawake waliojaa ndani. Wala sikuuliza.

Mama alipofika nyumbani akaenda moja kwa moja kuvuta pazia. Alinisimulia mara nyingi, na kila mara alisimama kuonyesha alivyosimama. Mabibi tisa, shingo tupu. Mwenye Pepeo anaipepea hewa. Pacha wameinamiana, wala hakuna wa kumsengenya mwenzake.

"Vichwa viko wapi?" akauliza.

"Iko mahali yake," baba akasema.

"Mahali gani?"

"Iko salama, mama watoto."

Zaidi ya hapo hakusema, siku ile wala miaka iliyofuata. Mama akaamua mwenyewe kwamba amevitupa mtoni Nile, maana mtu wa aina yake angetupa wapi tena nyuso za watu? Pazia akalitoa, akalikata vitambaa vya jikoni. "Hawana vichwa, hawana haya," akasema, "wa nini kuwafunika?" Baba mkubwa alikuja akasali sebuleni, akaridhika. Na mama hakusimulia tena kisa hata kimoja. Wanangu wamekua hawamjui Mvivu.

Nisidanganye, hawakuwa maadui. Walikula pamoja, walicheka, baba alipougua mama alimwogesha kwa mikono yake. Lakini kila lilipozuka jambo, hata la chumvi, lilirudi kwenye vichwa. Mimi nilikuwa namkasirikia mama kwa kushikilia, namkasirikia na baba kwa kunyamaza, na kwa kuwa ninaishi mbali niliona wote wawili ni watoto.

Kisha kiharusi kikampiga baba. Mkono wa kulia ukafa, na ulimi nao. Siku tatu za mwisho alikuwa anaelekeza kidole cha mkono wa kushoto chini, sakafuni, akimtazama mama. Tukamletea kandambili. Akatikisa kichwa. Tukamletea jamvi, tukamletea beseni. Mama akanambia huenda anataka kulazwa chini, tukamlaza chini, juu ya godoro, pale pale sebuleni. Akatulia kidogo, akageuza uso upande wa kaskazini, kisha akaanza tena kuelekeza. Alikufa siku iliyofuata, na asubuhi yake shehe akaja kuuliza swali lake.

Miaka sita nimemwuliza mama swali hilo hilo. Nilipokwenda Jinja kununua makombe nililala kwake, na kabla ya kuondoka nilisema, "Mama, sasa si umsamehe tu?" Naye akajibu, "Vichwa viko wapi?" Nilijaribu kwa upole, nilijaribu kwa ukali. Nilimwambia baba amelala kaburini na neno la mkewe juu ya kifua, na mke mwenyewe anakunywa chai. Siku hiyo alikiweka kikombe chini, nikajua nimemuumiza. Halafu akasema kwamba mtu akisamehe asichokisamehe, anamdanganya Mungu, na yeye hatadanganya kwa ajili ya kunifurahisha mimi. Niliondoka bila kuaga vizuri. Niliogopa jambo moja tu, kwamba naye atakufa na neno hilo mdomoni, na mimi nitabaki na wazazi wawili waliogombana milele.

Macho yake yakaanza kuharibika. Daktari alisema ni presha ya macho, na kwamba kilichopotea hakirudi. Mwaka huu akawa anaona mwanga na vivuli tu. Akaungua mkono jikoni, nikamwambia basi, unahamia kwangu Mbale. Alikubali upesi kuliko nilivyotegemea, kwa sharti moja: kabati liende naye.

"Hulioni," nikamwambia.

"Nalishika," akasema.

Nikaja na dereva wetu wa siku zote, yule anayetuletea makombe. Ni mzee wa Teso aliyestaafu jeshi, Mkristo mnyenyekevu. Kila mtu humwita afande, naye humwita mama Hajati ingawa mama hajafika Maka. Mama alimpenda kwa sababu alikuwa anakunywa chai yote.

Mwenye nyumba alikuwa ametia mlango wa chuma mwembamba baada ya wizi fulani, na kabati halikupita. Ilibidi miguu ifunguliwe. Tukatandika mablanketi, tukalilaza kabati chali, mabibi wakatazama dari, na upande wa chini ukaelekea dirishani. Mama alikuwa amekaa juu ya furushi la nguo, akitusimamia kwa masikio. "Taratibu. Afande, hiyo si bunduki."

Afande akapiga magoti kutafuta skrubu. Kisha akavua kofia.

"Hajati," akasema. "Huku chini iko watu."

"Watu gani?" mama akauliza.

"Banawake. Kichwa tu."

Nilikwenda upande wake. Jua la saa nne lilikuwa limeingia dirishani moja kwa moja, na kule chini, mahali ambapo hapajatazamwa na mtu tangu Mombasa, ubao ulikuwa unang'aa. Baba aliusugua na kuupiga polishi kama uso wa meza. Kila kichwa kilichimbiwa kitanda chake, kikakaa sawa na ubao, bila ufa. Vilipangwa kwa mstari, kwa utaratibu ule ule wa milangoni.

Mama hakungoja kuelezwa. Alishuka kwenye furushi akaja kwa magoti, mkono mbele, nikamwongoza mpaka pale. Vidole vyake vikasimama kwenye cha kwanza.

"Mwenye Pepeo," akasema. Ana vibanio vitatu, vya mkwaruzo mdogo mdogo, na vidole vya mama vilivijua. Akasogea. "Mpiga Zeze. Mwenye Ndege. Pacha, huyu ndiye mkubwa. Pacha mdogo. Ewe Mvivu, kumbe uko huku." Alikuwa anacheka, na machozi yanamtoka, wala hayafuti. "Mbeba Maua. Mama Mkwe."

Alipofika cha tisa akatulia. Akakipapasa, akakipapasa tena.

"Huyu simjui," akasema.

Nikawasha taa ya simu. Kilikuwa na umbo la wenzake, kidevu, nywele zilizofungwa juu. Lakini kilikuwa chembamba kidogo, na mng'ao wake haukuwa na kijani, ulikuwa na uwaridi mzito unaokaribia zambarau. Macho hakina. Mdomo hakina. Uso mtupu, laini.

Mimi nauza makombe kwa gunia. Ningeulizwa gizani ningejua. Hilo halikuwa ganda la bahari ya China. Lilikuwa kombe la ziwa letu, chakula cha kuku, na nilimwona baba kwa macho yangu akilifunga kwenye leso.

"Mwenye Mwavuli alivunjika, mama," nikasema. "Alipokuwa anamtoa. Huyu ni wa baba. Amemchonga mwenyewe, kwa kombe alilookota kwangu, huenda akamtia alipokuwa akilisafisha kabla ya mfungo."

Nikampigia baba mkubwa simu, mama akisikiliza, kwa sababu nilitaka mtu wa kunieleza, na yeye ndiye pekee aliyebaki. Siku hizi ni mzee sana, sauti imepungua. Nilimwuliza kama baba aliwahi kumwambia alivyovifanya vile vichwa.

"Hapana," akasema. "Lakini aliniuliza jambo. Alisema, kaka, na picha ikiwa chini kabisa, mahali mtu haiangalii, haiheshimu? Nikamwambia hiyo haina neno. Mimi nilifikiri anasema juu ya jamvi." Akanirudishia swali: "Kwa nini unauliza, mwanangu?"

Nikamweleza kwamba tumevipata chini ya kabati, vyote. Nilisikia anapumua. Akasema mdogo wake alikuwa mjanja tangu utoto, akaanza kulia, simu ikakatika. Mama alinishika mkono kabla sijampigia tena.

"Cha tisa usimwambie."

"Kwa nini?"

"Kuweka picha ndani ya nyumba, baba yako aliogopa. Kuchonga uso kwa mkono wake mwenyewe?" Akatikisa kichwa. "Kaka yake asingemkanyagia nyumba tena. Ndiyo maana hakumtia macho. Aliogopa, akaona afanye nusu."

Nikaona ndiyo maana alinyamaza pia. Angemwonyesha, mama angevirudisha milangoni siku hiyo hiyo, na ahadi ingevunjika. Baba alitaka kumtii kaka yake na asimpotezee mke wake kitu, na mahali pa kufanyia yote mawili palikuwa pamoja tu, huko chini, ambako alikuja kutuelekezea kwa kidole na sisi tukamletea kandambili. Nilimkumbuka amelala juu ya godoro, uso wake ukiwa kimo cha miguu ya kabati, karibu nalo kabisa. Nikakaa chini, nikalia kama mtoto. Afande akatoka barazani akatuacha.

"Nimemsamehe," mama akasema. Hakusema kwa sauti kubwa. Siku ya jeneza mtaa mzima ulisikia, na siku hii tulisikia sisi wawili. "Vichwa pia. Nimemsamehe."

Miaka sita nilikuwa nangoja neno hilo, na nilidhani likija nitapumua. Lakini mama alikuwa bado ameweka vidole juu ya ule uso usio na macho.

"Alikuwa ananionyesha," akasema. "Na mimi nikamwachilia aende na neno langu mbele za watu. Mimi nimemsamehe. Na mimi je? Nani ataniambia amenisamehe?"

Mimi nina mdomo, kila anayenijua atakuambia. Siku hiyo nilikwenda kumwita afande tumalize skrubu.

Tulifika Mbale jioni, mlima ukiwa umevaa mawingu. Kesho yake nilimwambia mama kwamba mjini kuna fundi wa vitu vidogo, mtu wa kutengeneza saa na vito, anaweza kuvirudisha vichwa milangoni pasijulikane kitu. Hata bibi wa tisa anaweza kuchorwa macho. Nilisema kwa nia njema.

"Aliviweka pale kwa mkono wake," mama akasema. "Asiviguse mtu."

Alichotaka ni matofali. Kila mguu uwekewe mawili, kabati linyanyuke, ili mkono wake uingie chini akiwa amekaa kwenye mkeka. Nikafanya hivyo. Kisha akaomba kitambaa cha kijani, kipande kifupi, cha kuzunguka miguu ya kabati. Nikamwuliza cha nini, maana mabibi wa juu hawana vichwa na walio chini hawaonekani.

"Huko chini palikuwa hapana neno kwa sababu hapaheshimiwi," akasema. "Sasa naviheshimu. Vinahitaji pazia."

Nikalishona mwenyewe, kwa mkono, vibaya. Kabati limesimama kaskazini, kama Jinja. Mabibi wangali na shingo tupu na bado wanajipepea. Wajukuu zangu wanawajua wote kwa majina, hata Mvivu, kwa sababu visa vimerudi. Baada ya alasiri ninatoka ghalani, pumba bado ziko kwenye nywele, ninavuta lile pazia fupi, na mama anasimulia huku mkono mmoja uko chini ya kabati.

Watoto wakiondoka yeye hubaki. Nilidhani anavuta uradi. Wiki iliyopita nilirudi kuchukua kikombe chake nikamkuta ameegemeza paji la uso kwenye ule mlango mweusi, mkono umeingia chini mpaka kiwiko, upande wa mwisho wa kulia, anaongea kwa sauti ya kumsemesha mtu aliye chumba cha pili.

"Mimi nimekwisha sema," alikuwa anasema. "Sasa sema wewe."

Akangoja. Kwa kweli alingoja, kichwa amekiinamisha upande, jinsi mtu anavyompa mwenzake nafasi ya kujibu. Nilisimama mlangoni na kikombe mkononi mpaka adhana ya magharibi ikaanza. Akautoa mkono, akaufuta kwenye kanga, akageuka upande niliposimama, maana alikuwa amenisikia tangu mwanzo.

"Funga pazia, mwanangu," akasema. "Kesho nitamwuliza tena."